Dole la Kizuka

Kabla sijafungua mdomo, binti wa filamu aliomba friji lizimwe.

"Linavuma, mama," alisema. "Litaingia kwenye sauti."

Nikachomoa waya. Friji likatikisika, likakoroma mara moja, likanyamaza. Khalati wangu, mdogo wake mama yangu mzazi, alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango akichambua mchele kwa vidole. Macho yake hayaoni, sukari imeyamaliza, lakini masikio anayo ya kutosha watu watatu.

"Nani kazima friji langu?"

"Mie, khalati. Wageni wanataka kimya."

"Na barafu zangu za ukwaju?"

"Zitaganda tena."

"Kimya gani hicho kisichotaka friji?" akauliza, akaendelea na ungo wake. Kijana wa kamera, mtu wa bara, akacheka mpaka binti akamtolea jicho.

Ningeweza kumjibu. Ningemwambia kwamba kimya hicho ni cha kusimulia lilikotoka friji lenyewe. Nikameza. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki walichoniwekea, nikatengeneza mtandio, na taa yao ikanipiga usoni kama jua la saa saba.

Mimi naanza mwanzo, maana filamu yao ilianzia katikati.

Mume wangu alikuwa mtu wa kupanda. Kwetu huku kusini ya Unguja ardhi ni mawe, na mambo ya ardhi ni ya serikali na ya ukoo. Kitu ambacho mtu anasema "changu" ni mti aliopanda kwa mkono wake au aliopewa na aliyeupanda. Unaweza ukawa na minazi juu ya ardhi isiyokuwa yako, na hakuna wa kukugusa. Nilipojifungua binti yetu wa kwanza, mume wangu alinipeleka shambani, bado natembea kwa shida, akanionesha minazi kumi na tisa upande wa pwani. Ilikuwa midogo, inanifika magotini.

"Hii yako," aliniambia. "Si ya watoto, si ya ndugu zangu. Zawadi yako ya uzazi."

Mdogo wake alikuwapo, kashika jembe. Alisikia kwa masikio yake. Shemeji yangu huyo mumkumbuke, kwa sababu ndiye mkosaji wangu wa kwanza.

Niliimwagilia minazi ile kwa ndoo ya kichwani, kiangazi baada ya kiangazi. Ikakua, ikazaa. Niliuza nazi, nilisuka makuti, niliwavisha wanangu wawili sare za skuli. Nikawa mtu.

Halafu mume wangu akafariki, nami nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Mjane aliye edani kwetu anaitwa kizuka, na jina lenyewe linakwambia anavyotazamwa. Nilikaa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Sina mafuta mwilini, sina udi, sina wanja. Mwanamume asiyekuwa mahram wangu, yaani anayeweza kunioa, hanioni. Khalati aliacha nyumba yake akaja kukaa nami. Hakulazimishwa. Mama yangu alinifia nikiwa darasa la tano, na darasa hilohilo ndilo nililoishia. Khalati ndiye aliyenilea. Alikuwa akinichemshia maji, akinipikia uji, akinikuna mgongo nikishindwa kulala.

Mwezi wa tatu wa eda, baada ya alasiri, shemeji akabisha hodi. Alikuja na sheha, mkubwa wa serikali hapa kijijini. Sauti ya sheha wetu wa wakati ule, ambaye ndiye sheha wetu mpaka leo, huwezi kuipotea. Anazungumza kama anatangaza msiba hata akinunua vitunguu. Huyo ni wa pili. Wakakaa ukumbini, upande wa pili wa pazia, na shemeji akasema ameleta karatasi ya kuthibitisha kuwa mimi ni mjane wa marehemu, ili haki zangu zisipotee.

"Nipeni kalamu," nikasema.

Darasa la tano ni darasa la tano, lakini jina langu naliandika, na hati yangu si mbaya.

Walikuwa wanatazamana. Kutazamana nako kuna sauti yake, ukikaa nyuma ya pazia siku nyingi utaijua. Halafu khalati, aliyekuwa upande wao, akasema:

"Kizuka haandiki, mwanangu. Kalamu ni mazungumzo na wanaume. Tia dole tu."

Mkono wake ukapita pembeni ya pazia, na kibati cha wino, na karatasi iliyokunjwa ikabaki sehemu ya chini tu. Akanishika dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Mkono ule ndio ulionikosha nikiwa mtoto. Nikauachia ufanye.

Hakuna sheria hiyo. Baadaye nilimuuliza mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, akanitazama kama nimemuuliza ikiwa papa wa baharini anafunga Ramadhani. "Nani kakwambia hayo?" Nikasema nimeyasikia tu kwa watu.

Siku niliyotolewa eda, nikakoshwa, nikavishwa kanga mpya, nilikwenda shambani moja kwa moja. Nikakuta ukuta. Mlinzi akaniuliza namtaka nani. Nikamwambia simtaki mtu, naitaka minazi yangu. Vichwa vyake nilikuwa naviona kwa juu, vinapepea kama havina habari. Karatasi ile ilikuwa ya mauzo. Dole langu limeuza minazi kumi na tisa kwa mwekezaji wa hoteli, na limeandika kwamba sina dai lolote tena. Shemeji aliezeka nyumba kwa bati la rangi. Sheha alipata pikipiki. Na haukupita mwezi, friji likaja nyumbani kwa khalati juu ya gari la ng'ombe, bado lina nailoni.

"Zawadi ya shemejio," alisema. "Kwa kukutunza vizuri edani."

Alisema bila ya kunitazama, na wakati huo macho yake yalikuwa mazima.

Huyo ni wa tatu.

Sikumuuliza. Nyumba ya mume wangu ilikuwa ya ukoo wao, wakanitoa mimi na mabinti zangu, na mlango uliokuwa wazi duniani ulikuwa mmoja, wa khalati. Nikaingia. Nikanywa maji baridi ya friji lile, na kila funda likinishuka nilijua limetoka wapi. Nilikwenda kwa wakili wa msaada mjini. Alinisikiliza vizuri, akaniambia: "Wanaume wawili watasema ulikubali. Kama hakuna mtu mwengine aliyekuwapo, wa kusema uliomba kalamu ukakatazwa, basi dole ni dole." Nikamwambia hakuna mtu. Nikarudi nyumbani, nikaingia kwenye mwani kama wanawake wenzangu, miguu majini, mgongo juani. Miaka ikaenda. Macho ya khalati yakaenda. Nikawa mimi ninayemkosha, ninayemlisha, ninayemtia sindano ya sukari asubuhi na jioni. Kwa mkono ule alioutia wino.

Sasa, filamu.

Binti wa filamu ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, kasoma nchi za nje, karudi. Anatengeneza filamu za kweli, za watu waliodhulumiwa na hawakufa. Yeye husema "simulizi" pale ambapo mie ningesema "mkasa". Aliipata habari yangu kwa wanawake wa mwani, akanipigia simu, nikamweleza nusunusu. Siku ya kwanza alipokuja, kabla ya siku ya friji, alitoa karatasi.

"Ni ridhaa tu, mama. Kwamba umekubali tukupige picha. Kama kuandika kuna tabu, dole linatosha."

Akafungua kibati cha wino.

Nilicheka. Nilicheka mpaka khalati akauliza nimepatwa na nini. Binti akaukodolea macho wino wake mwenyewe, akajua alichofanya, akapauka midomo.

"Mama, wallahi sikukusudia. Nisamehe."

"Soma," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote, kwa sauti. Halafu mpe mwenzio naye asome, nione kama mtu mwengine akiisoma inasema maneno yaleyale."

Kijana wa bara akasoma, na Kiswahili chake cha kunyoosha kikaifanya ile karatasi iwe kama hotuba. Nikamwambia binti arudie mara ya tatu. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika jina langu, la baba yangu na la babu yangu, herufi moja moja, na mwisho nikatia mkia. Mchele wa khalati ulikuwa umesimama. Hakuchambua hata punje moja mpaka nilipoweka kalamu chini.

Walikaa siku tano. Kazi yao si nyepesi, nawapa haki yao, lakini ina vituko. Walikuja wakati wa maji mafu, bahari haitoki, mashamba ya mwani yako chini ya maji ya kifua. Binti akataka nionekane navuna.

"Leo hatuvuni, mwanangu. Ngojeni bamvua, maji yatoke."

"Kamera tumekodi mpaka Ijumaa, mama."

Basi tukaazima mwani uliokuwa umeanikwa, tukauroweka, tukaufunga kwenye kamba pale ufukoni, maji ya magoti. Nikauvuna. Wenzangu walikuwa wamekaa kivulini wanakufa kwa kicheko.

"Shoga, leo unavuna mwani ulokwishavunwa!"

"Mwache, mwenzenu keshakuwa nyota!"

"Mama, tembea tena," binti ananiambia. "Usitazame kamera. Tembea kama kila siku."

"Kila siku sitembei mikono mitupu," nikamjibu. "Nipeni gunia."

Wakanipa gunia, wakalijaza makuti ili lisinielemee. Nikatembea mara nne.

Siku ya mwisho ndiyo ya kiti cha plastiki na friji lililozimwa. Niliwataja. Shemeji nilimtaja kwa jina lake na la baba yake. Sheha nilimtaja kwa jina, kwa cheo, na kwa rangi ya pikipiki. Sauti yangu haikutetemeka, nilikuwa nimeisubiri siku hiyo muda mrefu kuliko nilivyosubiri mimba zangu. Binti akawa ananitikisia kichwa, endelea, endelea. Halafu akauliza:

"Na nani alikushika dole?"

Khalati alikuwa palepale mlangoni. Tulishamwambia atoke nje akapunge upepo, akasema upepo ashaupunga. Nilikuwa nasikia punje za mchele zinagonga ungo. Zikaacha.

"Mkono wa mwanamke," nikasema. "Sikumwona. Pazia lilikuwa zito."

"Sauti yake hukuitambua?"

"Ni zamani."

Binti si mjinga. Alimtazama khalati, akanitazama mimi, akafumba daftari lake taratibu. Akaniambia ahsante.

Mtu asinisifu kwa hapo. Sikumficha kwa wema. Nilimficha kwa sababu jioni ile ilikuwa lazima nimshike paja nimtie sindano, na nilijua siwezi kumtaja mbele ya dunia saa tisa kisha nikamshika saa kumi na mbili. Na kulikuwa na jengine, la aibu zaidi. Siri yake kuwa kwangu ilikuwa mali yangu. Katika mkasa ule wote ndicho kitu kimoja walichosahau kunichukulia. Niliifuga kama mtu anavyofuga kuku mmoja, na nilijua kabisa kwamba ninavyozidi kuifuga ndivyo minazi yangu inavyozidi kukaa nyuma ya ukuta. Shahidi ninaye, namkosha kila siku, na simtaki aseme.

Wageni wakafunga vyombo vyao wakaondoka, nami nikasahau kurudisha waya. Nilipokumbuka, barafu zote za khalati zilikuwa maji ya ukwaju ndani ya vifuko. Nikajiandaa kutukanwa.

"Mwaga," alisema. Basi.

Filamu ilioneshwa kwanza Mji Mkongwe, kwenye ukumbi wenye baridi ya kutengenezwa, viti vya mito. Nilipelekwa kwa gari. Nikajiona ukutani, mkubwa kama nyumba, natembea na gunia la makuti, na watu wakashusha pumzi kwa huruma ya uzito wake. Chini ya uso wangu likaandikwa jina langu lote. Lakini nilipofika pale pa kumtaja shemeji, ikalia *tiii*. Nilipofika kwa sheha, *tiii* nyengine. Mdomo wangu unakwenda, jina halitoki. Nikamshika binti mkono pale gizani.

"Mbona mmewafuta?"

"Wakili wetu kakataa, mama. Hawajahukumiwa. Watatushitaki."

"Na mie nilihukumiwa lini, mpaka jina langu likae pale juu na la babu yangu?"

"Hukuhukumiwa, mama," akasema. Hilo nililipenda kwake.

Taa zilipowashwa wakapiga makofi muda mrefu. Bibi mmoja mgeni, mtu mzima, macho yamemvimba kwa kulia, akauliza kupitia kwa binti nimeupata wapi ustahimilivu huu. Nikasema sikuupata, niliachiwa. Walichukua vyengine vyote. Binti akatafsiri, wakapiga makofi tena. Yule bibi akaja akanishika mikono miwili. Mikono yake ilikuwa na joto. Nilikwenda pale na uchungu wangu umejaa, lakini siwezi kusema watu wale walinicheka au walinidharau. Walinihurumia kweli. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akimjua shemeji yangu.

"Sasa kwetu," nikamwambia binti njiani.

"Nakuahidi, mama."

Nilidhani ndiyo mara ya mwisho kumwona. Wangapi wameahidi. Lakini miezi miwili baadaye alikuja, na mashine yake ya kuoneshea, na kitambaa cheupe.

Ruhusa ilibidi aombe kwa sheha. Nami nilikuwapo, nimekaa barazani nje nasikiliza.

"Filamu ya nini?" sheha akauliza.

"Ya wanawake na mwani," binti akasema. Wala hakudanganya, mwani umo.

"Aa, mwani ni maendeleo," sheha akasema, akatia sahihi. Akaagiza na kiti chake kiwekwe mbele.

Tulioneshea skuli, darasa la mwisho, alasiri. Wanawake waliziba madirisha kwa kanga na mikeka mpaka chumba kikawa giza la rangirangi. Watu walijaa, waliobaki wakasimama nje wakichungulia kwenye matundu ya matofali. Shemeji hakuja, siku hizi haonekani sana kijijini. Sheha alikuja, kanzu imepigwa pasi, akakaa kitini mbele kabisa. Khalati alisema na yeye anakuja.

"Utaona nini, khalati?"

"Ntasikia."

Nikamkalisha mkekani, ubavuni pangu.

Walipoona gunia, wenzangu wa mwani wakaanza. "Makuti hayo! Makuti matupu!" Chumba kikacheka. Nikasema uongo, "Nyamazeni, ni mwani," wakazidi. Halafu pazia likaanza kuelezwa, na karatasi, na chumba kikatulia. Ikafika *tiii* ya kwanza.

Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma ikalitamka jina la shemeji, na la baba yake, waziwazi, kama mwalimu anayeita wanafunzi.

"Naam!" mwanamke mwengine akaitikia kwa niaba yake, na watu wakaangua kicheko.

Ikaja *tiii* ya pili. Hapo hawakusema haraka, maana mwenyewe alikuwa mbele, shingo imesimama. Mwanangu mkubwa, aliyekuja na mumewe, ndiye aliyesema: "Semeni tu, si huyo kakalia kiti!" Wakasema. Wote, kwa pamoja, na cheo chake. Sheha akainuka, akatengeneza kofia.

"Nawahi msikitini."

"Magharibi bado, sheha!"

"Mwacheni, ana sala za kadha za kulipa!"

Akatoka kwa kujipenyeza baina ya magoti ya wanawake, na mwanga wa mlangoni ukaifuta picha kidogo, kisha ukafungwa. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilijihisi nimekunywa kitu cha moto. Maisha yangu yote ya baada ya ule ukuta sikuwahi kusikia majina yale yakisemwa kwa sauti na mtu mwengine isipokuwa mimi.

Nikawa katika furaha hiyo sauti ya binti wa filamu ilipouliza, kule kwenye kitambaa, "Na nani alikushika dole?"

Na mimi mkubwa wa ukutani nikajibu, "Mkono wa mwanamke. Sikumwona. Pazia lilikuwa zito."

Hapa hapakuwa na mlio. Hapakuwa na kitu cha kujaza. Lakini wanawake walishazoea kujibu, wakawa wanatazamana gizani, "nani, nani huyo?" Nikahisi mkeka unavutika. Khalati alikuwa anajiinua, kashika bega langu.

"Mie huyo," akasema.

Hawakumsikia wote. Akarudia kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

"Mie huyo. Alitaka kalamu. Mie ndo nlomwambia kizuka haandiki. Mie ndo nlomshika."

Filamu iliendelea, hakuna aliyeitazama. Nilijiona kule ukutani natembea na gunia langu la makuti, natembea, natembea. Hakuna aliyemtukana. Wengine walishika midomo. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu alisogeza mguu, khalati apate pa kukaa tena.

Nikamrudisha nyumbani kwa mkono. Nikamkalisha, nikatafuta sindano. Friji lilikuwa linavuma.

"Kumbe ulikuwa unajua kama na mie nlikuwamo," akasema.

"Tangu siku friji lilipoletwa."

"Na hukunitaja."

"Nikutaje, halafu ulishwe na nani?"

Nilimaliza kumtia sindano, nikakaa sakafuni.

"Mie nlikuwa na minazi yangu," akasema. "Baba alinipa. Kaka zangu wakanitoa, nami nna mimba ya yule mwanangu alokufa. Nililia mwaka mzima, haikurudi hata kumbi. Walipokuja kwako nikajiambia, hawa watachukua tu. Bora wachukue na mie nipate pa kugandisha barafu."

"Na mie, khalati?"

"Weye nlidhani utazoea. Mie nlizoea."

"Hukuzoea. Ungezoea, leo usingesimama."

Alilia kwa yale macho yasiyoona. Mimi sikulia. Nilimtazama nikaona msichana mwenye mimba, hana minazi. Nilikuwa sijawahi kumwona msichana yule, miaka yote nilikuwa nimemziba kwa friji. Sikusema nimekusamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe, na sijui kama nimeshamsamehe wakati huu ninapoandika. Lakini nilimpa kanga yangu ajifute.

"Yule wakili wako bado yupo?" akauliza.

Wakili alikuwapo. Tulikwenda mjini wiki iliyofuata, na khalati akasimama mbele ya karani wa mahakama ya ardhi akaeleza yote, kuanzia hodi mpaka gari la ng'ombe. Hakujificha popote. Karani akaandika, akageuza karatasi upande wetu, akasogeza kibati cha wino, maana khalati hajui kuandika na hata angejua hauoni mstari.

"Hapa, bibi. Dole."

Khalati akanyoosha mkono hewani, akiutafuta wangu.

"Soma kwanza," nikamwambia karani.

"Nimeandika alivyosema."

"Ndiyo. Soma. Yote, kwa sauti, asikie."

Akasoma. Nikamwambia arudie. Khalati alikuwa akisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja, na palipoandikwa "nilimwambia kizuka haandiki" alitikisa kichwa, ndiyo, ndivyo. Ndipo nikamshika dole gumba, jembamba kama kijiti sasa, nikalitia kwenye wino, nikalikandamiza pale alipokubali mwenyewe likandamizwe.

Kesi bado inaendelea. Wametuahirishia mara mbili, na minazi yangu bado iko nyuma ya ukuta. Wino ule ulimkaa khalati kidoleni siku tatu. Kila asubuhi nikimkosha aliniuliza, "Doa bado lipo?" nami namjibu, "Bado lipo, khalati." Nilikuwa nalipitia pembeni na sabuni, silisugui.